Podikasti yangu ni ya muziki, na siku hizi muziki siusikii tena

Swali: Shikamoo kaka. Nina podikasti ya muziki, huu ni mwaka wa pili, na kila Ijumaa natoa kipindi kimoja kuhusu albamu moja. Siku hizi nikiweka albamu mpya sisikii muziki, nasikia tu maneno nitakayoyasema. Juzi niliruka nusu ya albamu ya msanii ninayempenda kwa sababu nilishapata ya kuzungumza. Wewe umeifanya kazi hii muda mrefu. Unafanyaje usichoke? Na hivi karibuni umekuwa ukisikiliza albamu zipi? Mimi nipo Tanga, narekodi chumbani kwa simu.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Jambo hili umelieleza vizuri kuliko nilivyoweza kulieleza mimi liliponikuta, na lilinikuta mwaka wa tatu. Nilikuwa natoa kipindi kila Alhamisi. Nikifungua albamu, daftari lipo mapajani na kalamu imeshatolewa kifuniko. Gita likiingia, kabla halijafika popote kichwa kimeshaandika sentensi, na ikishaandikwa gita silisikii tena. Wimbo unaisha nina maneno matano mazuri mkononi, wimbo wenyewe sina.

Kilichonizindua ni simu. Nilikuwa nimetoa kipindi kuhusu bendi moja ya dansi ya miaka ya 70, na humo nikataja kwa kujiamini jina la aliyepiga solo katika wimbo wao mmoja. Kesho yake akanipigia mzee aliyekuwemo kwenye bendi hiyo. Hakugomba. Aliniambia kwamba huyo niliyemtaja alikuwa ameshahama bendi wimbo ule uliporekodiwa, na kwamba ningesikiliza vizuri ningemtambua mpigaji kwa mkono wake, maana mmoja alikuwa akivuta nyuzi na mwingine akidona. Nikaomba radhi, nikaomba na kwenda kumwona. Nyumbani kwake Magomeni akataka niuweke ule wimbo kwenye kispika nilichokuwa nacho. Tuliusikiliza kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, wimbo mmoja tu, wa dakika kama tisa. Kila ulipoisha alisema "rudia", na kila uliporudiwa alikuwa anafuata kitu kingine: mara besi, mara tumba, mara sauti ya pili ya waitikiaji. Mara ya saba au ya nane akanyanyua kidole. "Hapo. Hapo mpiga drams alichelewa, sote tukamsubiri." Nimeusikia wimbo ule tangu utoto, na sikuwahi kujua kwamba ndani yake kuna watu wazima wanane wanamsubiri mwenzao.

Nilirudi nyumbani nikafuta vipindi vitatu nilivyokuwa nimeviandaa.

Kwa hiyo ninachokushauri ni kifupi, ingawa nitakieleza kwa urefu: vipindi vinne kwa mwezi vimelizidi sikio lako. Toa viwili. Ikiwezekana toa kimoja, na mwezi mzima uishi na albamu moja. Najua unachokihofia, kwamba wasikilizaji watakukimbia. Wangu wachache waliondoka, sikatai, lakini waliobaki walianza kuniandikia barua za sauti ndefu kuliko vipindi vyangu, wakinieleza wimbo fulani waliusikia wapi na nani alikuwa hai wakati huo. Zamani nilikuwa nikipata vidole gumba na vimoto. Siwezi kukuahidi kwamba kwako itakuwa hivyo hivyo, ila najua kwamba kwa mwendo unaokwenda nao sasa, podikasti utaifunga mwenyewe kabla hawajaondoka.

Mwezi wangu unakwenda hivi. Wiki ya kwanza sigusi kalamu kabisa. Albamu naisikiliza nikiwa na kazi nyingine ya mikono: nachambua mchele, napiga pasi, natembea kutoka kituo cha daladala. Nataka muziki unikute kama unavyomkuta mtu wa kawaida, pembeni ya maisha yake. Nachunguza jambo moja tu, wimbo gani najikuta nauimba bila kukusudia nikiwa naoga. Mara nyingi siyo ule uliosukumwa redioni. Wiki ya pili navaa hedifoni, nazima taa, na kila siku nafuata chombo kimoja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Siku ya besi ni ya besi. Jambo hili linachosha mwanzoni na huenda ukasinzia, nami husinzia, lakini siku ya tatu au ya nne albamu inaanza kufunguka vyumba ambavyo hukujua vipo. Wiki ya tatu natafuta mtu wa kusikiliza naye. Si lazima awe mwanamuziki. Albamu moja ya taarabu nilimpelekea shangazi yangu, akanifasiria fumbo la ubeti wa pili ambalo mimi nilikuwa nimelichukua kama habari ya bustani kweli. Wiki ya mwisho ndipo naandika, na hapo sitafuti cha kusema. Natafuta cha kuacha.

Sasa albamu ulizoniuliza. Masika haya nimeishi na tatu hasa, nyingine nimepita tu.

Ya kwanza ni ya Ikhwani Safaa wa Zanzibar, ile iliyofungua mfululizo wa albamu uitwao Zanzibara mwaka 2005, kikundi kilipotimiza miaka 100. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na kutokea hapo muziki wa jumba la mfalme ukaanza kupata watu wake Unguja. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa. Historia hiyo wengi wanaijua. Mimi kilichonishika safari hii ni pumzi. Sikiliza mahali ambapo mwimbaji anamaliza mshororo na fidla zote zinaurudia nyuma yake. Hazimwigi sawasawa. Mmoja anateleza juu kidogo, mwingine anachelewa nusu ya pigo, na katika huko kutofautiana kuna joto ambalo kinanda cha umeme hakiwezi kulitoa hata ukikibembeleza. Nilipokuwa na haraka nilikuwa nikiita hali hiyo "kutokuwa sawa kwa vyombo" na nilishawahi kusema hivyo kwenye kipindi. Leo najua wale wamepiga pamoja miaka mingi kiasi kwamba hawahitaji kulingana.

Nilifanya jambo jingine ambalo nakupendekezea. Baada ya albamu ile nikarudi nyuma hadi kwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Santuri ya wakati ule, ya mizunguko 78 kwa dakika, ilibeba dakika kama tatu kila upande. Fikiria wimbo wa taarabu ambao ukumbini unaweza kukaa robo saa, watu wakiinuka kutunza, ukiambiwa uingie katika dakika tatu. Ukisikiliza rekodi zile ukiwa na saa akilini, unasikia namna alivyochagua beti na kuuingia wimbo bila utangulizi mrefu. Hapo nilipata kipindi kizima. Sikuongelea maisha ya Siti kwa jumla, kama wanavyofanya wengi na kama Shaaban Robert alivyofanya kwa kalamu bora kuliko yangu. Niliongelea dakika tatu.

Hapa niseme kidogo kuhusu neno lenyewe albamu, maana nadhani linakuchosha bila wewe kujua. Unalitumia kama kipimo cha kila muziki, na muziki wetu mwingi haukuzaliwa humo. Dansi ya miaka ya 60 na 70 iliishi kwenye kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi ikiingia studio na kupiga kwa pamoja wimbo mzima kama ilivyoupiga ukumbini, na kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 zilizotengenezwa Kenya. Santuri hizo zilikata wimbo vipande viwili: upande wa kwanza hadithi, upande wa pili chemko. Ulikuwa unainuka kitini, unageuza santuri, ndipo unacheza. Ndiyo maana albamu nyingi tulizonazo leo za bendi zile ni mikusanyo iliyofanywa baadaye na watu wengine, mara nyingi Ulaya, na mpangilio wa nyimbo si wa bendi. Ukiipima kazi ya Mbaraka Mwinshehe, mpiga gita na mwimbaji wa dansi, kwa kuuliza kama albamu ina mtiririko, umemuuliza swali lisilo lake. Yeye alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, na lile jina Ukumbusho lililowekwa kwenye mfululizo wa santuri zake kubwa linajieleza. Baadaye bongo fleva ikarudisha albamu kwa njia ya kanda, zile za wasambazaji wa Kariakoo. Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay, ya 2001, ilikuwa kanda ya kusikilizwa upande huu na upande ule. Siku hizi tumerudi kwenye wimbo mmoja mmoja na EP, rekodi fupi kuliko albamu. Basi kama wiki hii huna albamu ya kuongelea, ongelea upande mmoja wa santuri. Hakuna aliyekufunga.

Ya pili ni Remmy Ongala, na hapa ndipo nimekaa muda mrefu zaidi. Nimemsikiliza kwa jozi. Nalilia Mwana, iliyotoka mwaka 1988, ni rekodi zilizofanyika hapa nyumbani na zikatolewa Uingereza na watu wa WOMAD, lile tamasha la muziki wa dunia. Songs for the Poor Man, ya 1989, yeye na bendi yake Super Matimila waliirekodi katika studio za Real World, kijijini Box, Uingereza. Bendi ni ile ile, mtunzi yule yule, mtu aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947 na kuifanya Dar es Salaam kuwa kwake hata kituo cha daladala kikaitwa Sinza kwa Remmy. Kilichobadilika ni chumba.

Nilianza mwezi nikiwa na msimamo tayari, nikaona niuseme kwako ili uone msimamo wa namna hiyo unavyoweza kupotosha. Niliamini rekodi ya nyumbani ndiyo ya kweli na ile ya Ulaya imeoshwa. Wiki ya hedifoni ikanivunja. Katika Songs for the Poor Man magita matatu yametenganishwa, kila moja limepewa kona yake, na kwa mara ya kwanza niliweza kulifuata gita la kati, lile ambalo kazi yake ni kujaza nafasi kati ya solo na rizimu na ambalo kwenye kanda nyingi za zamani limezama. Gita la kati katika "Kipenda Roho" linazungumza na solo kama wake wenza waliokwishapatana. Nisingelisikia kwenye kanda ya redio hata ningelikesha. Lakini nilipokwenda upande wa maneno, ile ya nyumbani ikashinda. Sauti ya Remmy kwenye Nalilia Mwana ipo karibu, imebanana na vyombo, na wewe unakuwa kama umesimama katikati ya watu. Kule Box amewekwa mbele peke yake, safi, na "Sauti ya Mnyonge" inakuwa ya mtu mmoja ilhali nilizoea kuwasikia wengi humo ndani.

Sikuamua ipi ni bora. Kwenye kipindi nilieleza tu nilivyoanza na nilivyoishia, kwa kusimulia siku kwa siku, na mtu mmoja wa Bujumbura akaniandikia kwamba naye alirudi kuzisikiliza zote mbili usiku huo. Kipindi cha namna hiyo hakitoki kwa kusikiliza mara moja Jumatano ukarekodi Alhamisi.

Ya tatu itakushangaza baada ya wazee hawa: Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko, iliyotoka 2024 na Nyege Nyege Tapes wa Kampala. Sisso ndiye mwenye ile studio ya Mburahati iliyotoa mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017, ambao uliwafikisha vijana wa uswahilini hadi kwenye matamasha ya Ulaya. Singeli, muziki wa kasi wa uswahilini Dar es Salaam, inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Watu wazima wengi huizima baada ya sekunde ishirini, na mimi miaka ya mwanzo nilikuwa miongoni mwao. Safari hii nilikuwa nimetoka kwa Ikhwani Safaa mwezi uliotangulia, masikio yamejaa taarabu, na ndipo nilipoitambua. Singeli ilizaliwa kwenye vigodoro, kwenye sherehe za mtaani zinazokesha, na ma-DJ wa mwanzo walikuwa wakichukua vipande vya kinanda kutoka taarabu ya kisasa, wanavizungusha, wanaviongezea kasi mpaka vinageuka kitu kingine. Katika albamu hii Maiko anapiga kinanda kwa mikono, na kuna pahala vidole vyake vinakimbia juu ya ngazi ambayo ukiipunguza kasi unaikuta rusha roho, ile taarabu ya kisasa ya kucheza, imekaa. Nilifanya jaribio hilo kwenye kompyuta: nikaupunguza mwendo wimbo mmoja hadi nusu, nikamwekea shangazi yangu yule yule. Akaanza kutikisa mabega.

Ukiniuliza albamu gani imenirudishia hamu mwaka huu, ni hiyo. Nilikuwa na hakika singeli si yangu.

Nyingine nimezipita. Peel ya KMRU wa Nairobi, ya 2020, haina ngoma wala maneno, ni sauti zinazokua polepole kama jua la asubuhi ukutani. Naiweka nikiwa nimechoka na maneno, nawe kwa hali yako nakushauri uianze hiyo kabla ya zote. Yeye ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwanamuziki mkubwa wa Kikuyu aliyefariki 2018, na amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake. Midnight Train ya Sauti Sol, 2020 pia, bado ni mfano wa albamu iliyopangwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. EP ya I Am Zuchu niliirudia kwa ajili ya wimbo mmoja, "Mauzauza", alioimba na mama yake Khadija Kopa. Mama akiingia, kasi ya wimbo ni ile ile lakini yeye anauvuta muda kwa namna yake, anakaa juu ya neno, na binti anamwachia nafasi. Zaidi ya hapo sikukaa nayo kiasi cha kukuhukumia.

Umesema unarekodi chumbani kwa simu. Hilo si tatizo na usiliache likugharimu fedha. Chumba ndicho kinachoharibu sauti zaidi ya maikrofoni. Ukuta mtupu na sakafu ya saruji hurudisha sauti, ikasikika kama uko msikitini hakuna mtu. Simamisha godoro nyuma yako, tundika vitenge viwili vizito mbele, zima feni, weka simu upana wa kiganja kutoka mdomoni na kando kidogo ili herufi p na b zisiipige kwa pumzi. Nilirekodi hivyo miaka miwili. Kuhariri, programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Sauti ya mazungumzo ihifadhi kwa mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili za stirio, kilobiti 64 kwa sekunde: kipindi cha nusu saa kitakuwa na MB 14 na kidogo, na msikilizaji wako wa Pangani mwenye bando la siku atakushukuru. Ukiweka stirio ya kilobiti 128 umemlipisha mara mbili, na sauti yako wewe haihitaji stirio. Unapomhoji mtu wa mbali, usitumie zile sauti za WhatsApp za kubonyeza na kuachia, zinabanwa mno. Mwombe arekodi kwa kinasa sauti cha simu yake, kisha akutumie faili kama hati. Inafika kama ilivyotoka.

Hukuuliza habari ya haki za wanamuziki, lakini nimeona wengi wakiumia hapo. Ile kauli kwamba sekunde 30 za wimbo ni bure haimo katika sheria yoyote ninayoifahamu. Katika wimbo mmoja kuna haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na wanaweza kuwa watu tofauti wasiojuana. Pa kuanzia ni kwenye taasisi za hakimiliki: Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA. Wasanii chipukizi mara nyingi ukiwaandikia moja kwa moja wanakupa ruhusa ya maandishi siku hiyo hiyo, kwa hiyo waandikie, na uhifadhi ujumbe wao. Kwa nyimbo nilizokosa ruhusa mimi huzieleza kwa mdomo na kuimba kiitikio mwenyewe kwa sauti ya chini. Hilo limenifundisha kueleza muziki kuliko shule yoyote, kwa sababu huwezi kujificha nyuma ya wimbo.

Sasa nikukumbushe uko wapi. Wewe upo Tanga, na unahangaika na albamu inayotoka Ijumaa hii London na Lagos ambayo watu elfu wataiongelea kabla yako. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakaenda Mombasa na mwaka 1971 wakaunda Simba Wanyika. Baadaye wenzao walijitenga wakawa Les Wanyika, waliotoa "Sina Makosa". Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa za mji wako. Black Star Musical Club walikuwa hapo hapo kwenu walipoiingizia taarabu magita na besi miaka ya 60, wakaitoa kwenye mfano wa Unguja na kuipa mwendo ambao Mombasa na hata Burundi waliupenda. Shakila Saidi, sauti ya "Macho Yanacheka", alitokea kwenye taarabu hiyo ya Tanga. Wapo mjini kwenu watu waliopiga tumba katika bendi hizo, waliobeba vyombo, waliouza tiketi mlangoni, waliocheza. Mtu akupe saa moja Ngamiani akueleze ukumbi ulivyokuwa usiku wa sikukuu, umepata kitu ambacho mimi wa Dar es Salaam sitakipata kwa bando lolote.

Ila ukienda, nenda kwa namna ile ya mzee wa Magomeni. Usimwekee kinasa sauti mdomoni siku ya kwanza. Piga hodi, salimia, kaa. Nenda na kispika na nyimbo za bendi yake, zitafute kabla hujaenda, umwekee, na mkae kimya mpaka ziishe. Kuna mzee niliyemkuta hajausikia wimbo wake mwenyewe kwa zaidi ya miaka thelathini. Kanda ilikuwa ya redio na yeye hakuwahi kupewa nakala. Aliposikia sauti yake ya ujana alimwita mjukuu wake aliyekuwa uani akifua, akamwambia njoo usikilize. Mahojiano tulifanya wiki iliyofuata.

Kwa hiyo Ijumaa hii usitoe kipindi. Watangazie wasikilizaji wako kwa dakika moja kwamba unarudi baada ya wiki nne, kisha nunua memori kadi mbili: moja ya kurekodia, nyingine umwachie mzee utakayemtembelea, ikiwa na nyimbo zake. Uulize kwanza simu yake inapokea kadi ya aina gani, maana simu nyingi za wazee ni zile za vitufe na kadi za GB nyingi hazisomi.